Kituo cha Mkono na Kinga ya Vidole kwa Mpiga Upinde wa Jadi

Upinde wa jadi hauna kifaa cha kulengea, hivyo jicho la mpigaji hutegemea nyuma ya mshale iwe mahali palepale kila anapovuta. Mahali mkono unapotua usoni, ambapo hapa tutapaita kituo, pakishuka kidogo, mshale huenda juu. Pakipanda, mshale huenda chini. Mkono ukiishia njiani, upinde wa kawaida hupungukiwa na takriban pauni 2 hadi 3 za nguvu kwa kila inchi ya mvuto iliyokosekana.

Wengi hutafuta kituo kwanza, kisha wakakumbuka vidole baada ya kuchubuka. Mimi hushauri kinyume chake, kwa sababu unene wa kinga hubadilisha namna mkono unavyokaa shavuni, na kidole kinachouma huanza kuukwepa uzi kabla mwenyewe hajatambua. Glavu ya vidole vitatu ni rahisi kuvaa na huuacha mkono huru, lakini baada ya muda uzi huichimba vifereji vinavyounasa wakati wa kuachia. Kipande bapa cha ngozi kinachovaliwa kwenye kidole cha kati huupa uzi uso mmoja laini wa kutelezea; kipunguzwe kwa mkasi ili kisizidi sana ncha za vidole. (Wanaovuta kwa kidole gumba, kwa mtindo wa Korea au Uturuki, huvaa pete ya gumba na wana kituo chao kingine, wala mwongozo huu hauwahusu.)

Ukishavaa kinga, ulaze uzi kwenye mkunjo wa kwanza wa vidole, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake, au vyote vitatu chini. Kiganja kilegee, na vidole visiubane mshale.

Sasa funga kinywa na uache meno yagusane, kwa kuwa taya likifunguka, kituo nacho kimehama. Vuta uzi uufuate uso, wala usiusogeze uso kuufuata uzi, mpaka ncha ya kidole cha shahada iguse pembe ya kinywa. Anayeshika vidole vyote chini ya mshale anaweza kutumia kidole cha kati badala yake, na hapo mshale hukaribia jicho. Tafuta pia mguso wa pili, kama vile kifundo cha gumba nyuma ya taya au unyoya wa mshale puani, kwani mguso mmoja hudanganya lakini miwili hushuhudiana.

Zoezi lenye faida kuliko yote ni kusimama hatua 3 mbele ya shabaha pana, kuuelekeza mshale, kufumba macho, kisha kuvuta, kuhisi miguso yote miwili na kuachia, bila kujali mshale umechoma wapi. Hakikisha hakuna mtu karibu na shabaha, na usiachie kamwe uzi usio na mshale, kwa sababu upinde unaweza kuvunjika. Mkono usipofika kituoni bila kutetemeka, upinde huo ni mzito kwako. Chukua mwepesi zaidi. Ganzi ya vidole isiyoisha hadi kesho yake ni dalili ya kupumzika na kuongeza unene wa kinga, na kila unapobadili kinga, rudi kwanza kwenye zile hatua 3.