Mchungwa ulionyauka baada ya mafundi kuondoka

Mchungwa wa uani ukianza kupukutisha majani miezi michache baada ya ujenzi, weka kando kwanza hiyo pampu ya dawa. Mimi ni fundi mwashi hapa Walukuba, Jinja, Uganda, na kwetu ni Serere, eneo la Teso, kwa hiyo nimelelewa na michungwa kisha nikalishwa na saruji. Kule Teso, ambako machungwa ni mengi hadi kiwanda cha juisi kikajengwa Soroti na kuzinduliwa 2019, mti ukiugua watu huulizia wadudu, magonjwa na ukame. Mjini mimi naanza na swali jingine: nani alichimba hapa, zege lilichanganyiwa wapi, na kifusi kilimwagwa upande gani?

Majani yenyewe yatakujibu. Majani machanga yakiwa ya manjano na mishipa yake imebaki kijani, mti unakosa madini ya chuma, na karibu na nyumba mpya sababu huwa ni saruji au chokaa udongoni. Upande mmoja wa mti ukinyauka na mwingine uko salama, tafuta mtaro: mizizi ya upande ule imekatwa. Ukiona gundi inatoka chini ya shina na gome linanuka uozo, basi shina limefukiwa udongo na kuvu limeingia. Lakini kama manjano yamekaa kwa mabaka, nusu moja ya jani haifanani na nyingine, matunda ni madogo na yamepinda, na hapakuwa na ujenzi wowote, mwite afisa kilimo wa gombolola aje aangalie. Kuna ugonjwa wa michungwa unaoonekana hivyo na hauna tiba.

Kabla ya kutoa jasho, hakikisha mti uko hai. Kwaruza kijiti kwa ukucha. Chini ya gome kukiwa kijani na unyevunyevu, kuna uhai. Kukiwa kikavu na kahawia, shuka chini kidogo ukwaruze tena, hadi ufike shinani ikibidi.

Mama mmoja wa upande wa Mpumudde aliniita nimwangalie mti wa namna hiyo. Mafundi waliotangulia walikuwa wamejenga ukuta wa ua, wakachanganya zege chini ya kivuli cha mchungwa (kivuli ni kitamu, namwelewa kila kibarua), kisha udongo wa msingi wakauegemeza shinani. "Fundi, nimepuliza dawa mpaka nimechoka," akaniambia. Nikamwomba siki ya jikoni. Nilichota udongo wa pale zege lilipochanganyiwa, nikaumwagia siki, ukatoa povu kama soda. Udongo wa upande wa pili wa ua ulikaa kimya. Povu hilo ni chokaa. Mchungwa unapenda udongo wenye pH (kipimo cha uchachu; namba ikipanda, uchachu unapungua) ya 6 hivi, na saruji mbichi ni zaidi ya 12. Hapo chuma kinaweza kuwa kimejaa ardhini na mizizi ikashindwa kukinywa.

Saruji ya namna hiyo haioshwi kwa maji. Ukimwaga maji unaipeleka chini zaidi, kwenye mizizi yenyewe. Bandua gamba la juu, kisha ondoa udongo taratibu hadi rangi yake ibadilike, kwa kawaida sentimita 10 au 15. Fanya kwa mikono na kijiko cha mwashi, jembe liache, kwa sababu mizizi inayolisha mchungwa iko juujuu, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza. Udongo ulioharibika usiutupe bustanini. Ukajaze njia ya kupita. Rudisha udongo mzuri wa shamba uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa, halafu tandaza maganda ya kahawa juu, yasiguse shina. Majivu ya jikoni yapeleke kwingine. Najua bibi zetu waliyamwaga kwenye miti, ila hapa yanaongeza ugonjwa uleule wa saruji. Mbolea ya CAN nayo ina chokaa ndani yake, iache. Duka la pembejeo linauza mbolea ya kupuliza majanini yenye chuma na zinki. Inasaidia wakati udongo unapona.

Shina lililofukiwa ndilo linaloua haraka zaidi, na watu hulidharau. Fukua hadi uione mizizi mikubwa ya kwanza ikianza kutanuka. Pale mti ulipobebeshwa, yaani chungwa lilipounganishwa juu ya shina la limau, penye kinundu na gome la rangi mbili, pabaki juu ya udongo, wazi, panapigwa na upepo. Kama kuna gundi, kwangua gome lililooza kwa kisu safi hadi ufike kwenye gome zima, liache likauke, kisha paka uji wa mrututu (ile chumvi ya shaba ya buluu): gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa ya unga kwa lita moja ya maji. Koroga kila kimoja peke yake kwanza, halafu viunganishe. Tumia ndoo ya plastiki maana mrututu unakula chuma, na uvae glavu. Chokaa hiyo ni ya gome tu, isimwagike chini.

Mizizi iliyokatwa na mtaro huachwa imechanika kama kamba. Ikate upya kwa msumeno mkali, ufukie siku hiyohiyo. Kama katika kufukua umetoboa bomba la maji, usifunge mpira wa baiskeli ukaenda zako, kwa sababu utavuja chinichini na mizizi ya mchungwa itaoza kwa maji. Funga koki ya mita, kata kipande kilichopasuka kwa mkato ulionyooka, weka kiungio cha kukaza, fungua maji uangalie kabla ya kufukia. Na zege lililomwagwa hadi shinani livunje, angalau mita moja kuzunguka mti, na zaidi ukiweza. Mwenye nyumba akitaka pawe pasafi, panga matofali juu ya mchanga mtupu ili mvua ipite.

Mti uliopoteza majani unaungua gome, na jua letu la hapa linapiga utosini. Changanya rangi nyeupe ya maji na maji kiasi sawa, upake shina na matawi yaliyo wazi. Rangi ya mafuta hapana.

Kumwagilia: toboa jerikeni ya lita 20 kwa msumari chini, iweke pale kivuli cha matawi kinapoishia saa sita mchana, iache idondoshe. Kesho yake hamisha upande. Kabla ya kurudia, ingiza kidole au kijiti. Udongo wa ndani ukiwa bado una unyevu, subiri. Michungwa mingi ya mjini imekufa kwa huruma ya mwenye ndoo.

Matawi usiyashambulie kwa panga. Ondoa yaliyokufa kabisa, mengine subiri mvua za Machi au Septemba zikuonyeshe uhai umeishia wapi. Hapo kuna hadaa mbili. Ya kwanza ni maua: mti ulioteseka unaweza kuchanua kupita kiasi, watu wakapiga vigelegele. Vunja vitunda vyote vikiwa vidogo, mti ujenge majani kwanza. Ya pili ni chipukizi nene lenye miiba linalopanda kwa kasi kutoka chini ya kinundu. Hilo ni limau lililobebeshwa mchungwa wako. Ling'oe kwa mkono likiwa laini. Majani mapya yakitoka, kagua asubuhi kama kuna kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege. Ukimgusa anatoa pembe mbili zenye harufu kali. Mwokote tu, dawa ya nini. Mbolea anza kidogokidogo majani hayo yakishakomaa.

Gome likiwa limekufa kuzunguka shina lote juu ya kinundu, chungwa halipo tena. Kama chini ya kinundu bado ni kijani, acha chipukizi moja la limau likue hadi unene wa penseli, umwite mtu wa kitalu abebeshe upya palepale. Na kama hata chini ni pakavu, ng'oa. Mche mpya upande mita nne au zaidi kutoka ukutani, na kitaluni kataa ule ambao kinundu chake kimezama kwenye udongo wa mfuko.