Kuandika jina la kisayansi bila kukosea

Jina la spishi, yaani aina moja ya kiumbe, lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, huanza kwa herufi kubwa. La pili huanza kwa herufi ndogo, hata likitokana na jina la mtu au nchi. Simba ni *Panthera leo*. Kwenye kompyuta tumia herufi za mlazo. Kwa mkono, pigia kila neno mstari wake.

Ukishaliandika kwa ukamilifu mara moja, fupisha: *P. leo*. Hapa ndipo wengi huteleza. Anayeandika kuhusu mbu akifupisha *Anopheles* na *Aedes* kuwa *A.*, msomaji hajui ni yupi aenezaye malaria. Andika *An. gambiae* na *Ae. aegypti*.

Jina la mtaalamu aliyeipa spishi jina halilazwi: *Panthera leo* (Linnaeus, 1758). Usiyafute mabano hayo. Yanaeleza kwamba Linnaeus alimweka simba katika jenasi nyingine, *Felis*, kisha akahamishwa.

Uhamisho huo unaendelea hadi leo. Mgunga tuliouzoea kama *Acacia tortilis* sasa ni *Vachellia tortilis*, kwa sababu mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua jina *Acacia* libaki kwa kundi kubwa la Australia. Ukitafuta maandiko, tafuta kwa majina yote mawili. Ukiacha la zamani utakosa tafiti nyingi nzuri.

Ngazi za juu ya jenasi kwa simba: himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Mammalia, oda Carnivora, familia Felidae.