Ukipewa dawa ya kutuliza kwa dokta wa meno, nenda na mtu

Wanatanga wenzangu, ukiambiwa utachomwa dawa ya kutuliza kabla ya kung'olewa jino, jua hiyo sio ganzi. Ganzi inaua maumivu hapo kwenye fizi tu, kichwa kinabaki kizima, ila dawa ya kutuliza kama midazolamu inazuia ubongo kuweka kumbukumbu mpya, yani uko macho ila umelegea kama mwenye usingizi, dokta akisema fungua mdomo unafungua, akikuuliza unajibu, halafu jioni uko nyumbani Ngamiani unauliza hivi jino limetoka saa ngapi. Ya nyuma hayafutiki, watoto wako utawakumbuka, kinachopotea ni kuanzia dawa ilipoingia.

Kwa hiyo maswali yako yote, bei, mzio, dawa unazotumia, yamalize kabla ya sindano. Nenda na mtu mzima akae mpaka mwisho, yeye ndo apewe maelekezo na ayaandike kwenye simu, pamba uing'ate muda gani, dawa za maumivu unameza saa ngapi, maana wewe utaitikia tu ndio ndio. Dada yangu aliambiwa asisukutue siku ile, akasahau akasukutua, damu ikaanza upya, roho iliniuma kwa kweli.

Baiskeli iache nyumbani, bodaboda peke yako usipande. Masaa 24 usiendeshe chochote, usisaini mkataba wala kutuma hela kubwa kwa simu. Na wewe unayemsindikiza, akikuuliza swali lile lile mara tano njiani mjibu taratibu tu, usimgombeze.