SOMO: Kuwaona ndege waimbaji adimu wanaporudi kaskazini (Machi–Aprili)

Wakuu, kila kaskazi ikilegea naulizwa yale yale. Naandika hapa mara moja.

1. Wakati: mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, saa 12 hadi saa 3 asubuhi.

2. Darubini: 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za mbele milimita 42) inatosha.

3. Mahali: kichaka kizito karibu na maji. Mimi hukaa kando ya mto, Voi. Wanasafiri usiku na mvua huwashusha, kwa hiyo usiku ukinyesha, alfajiri uwe pale.

4. Keti, usizunguke. Luscinia luscinia (kwa Kiingereza Thrush Nightingale) utamsikia kabla ya kumwona: chok-chok-chok, kisha mkwaruzo.

5. Acrocephalus griseldis (Basra Reed Warbler), anayezaliana kwenye vinamasi vya Iraki. Hapa nilikosea. Nilitangaza nimempata, watu wakatoka Mombasa usiku, kumbe ni jamaa yake, Acrocephalus arundinaceus (Great Reed Warbler). Nilitazama rangi peke yake, na jua la asubuhi hudanganya: ndege wa kahawia anaonekana wa kijivu. Anza na mdomo. Griseldis ana mdomo mrefu mwembamba, mwili mwembamba, tumbo jeupe. Arundinaceus ni mkubwa, mdomo mnene. Usitangaze kabla hujaona mdomo kwa ubavu. Griseldis yuko hatarini kutoweka, na rekodi ya uongo inamdhuru.

MASWALI

— Mkuu, jana nimeona kandege ka kahawia. Ni gani?
— Soma namba 5. Mdomo ulikuwaje?
— Sikuangalia.
— Basi sina jibu.

— Nikimpigia sauti yake kwa simu si atatoka haraka?
— Hapana. Anakula apate mafuta ya safari. Ukimtoa amtafute mpinzani asiyekuwepo, hatakula.
— Mbona waongoza watalii wanafanya?
— Wakifanya wao, ndege hashibi.

— Shikamoo mwalimu. Nilisikia shorewanda kichakani, ghafla sauti ikawa ya ndege mwingine, kisha mwingine, bila kupumua. Ni wengi?
— Marahaba, umesikia vizuri sana! Huenda ni mmoja, Acrocephalus palustris (Marsh Warbler), mwigaji wa sauti. Mwaka 1979 mtafiti wa ndege Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewachunguza Ubelgiji wanakozaliana, alionyesha kwamba dume mmoja huiga wastani wa spishi 76, zaidi ya nusu za Afrika. Ndege wetu wanasikika vichakani Ubelgiji! Rudi kesho, uandike kila sauti unayoitambua, kwa mpangilio.
— Daftari langu liliroa, wino ukaenea.
— Tumia penseli. Na mfuko wa plastiki wa mkate unatosha kulifunika.