Umetoa madini meusi ya meno ukaanza ditoksi ya zebaki, sasa unaumwa: jinsi ya kujua kinachokusumbua ni nini

Wengi tuliozibwa meno zamani tuna yale madini ya rangi ya fedha ambayo yakikaa sana yanakuwa meusi, na mtu siku hizi akisikia tu kwamba ndani yake kuna zebaki anakimbilia kuyatoa, akitoka kwa daktari wa meno anapitia dukani au anaagiza kwa watu wa WhatsApp dawa za kusafisha sumu. Wiki haijaisha kichwa kinamgonga, tumbo linavuruga, usingizi hamna, mdomo una ladha ya chuma. Akimuuliza aliyemuuzia anajibiwa "hiyo ni sumu inatoka, vumilia". Usivumilie kwanza. Tenganisha mambo, maana hapo kuna vitu viwili vimechanganyika, jino lililochokonolewa na hizo dawa unazomeza, na kila kimoja kina dalili zake.

Kuhusu zebaki yenyewe, ni kweli ipo na ni nyingi, karibu nusu ya uzito wa yale madini ni zebaki, zinazobaki ni fedha, bati na shaba. Daktari anapoyachimba na mashine yanapata joto na mvuke wa zebaki unatoka, kwa hiyo siku moja mbili baada ya kutoa kiwango kwenye damu kinaweza kupanda kidogo, halafu kinaanza kushuka chenyewe. Figo na utumbo ndo vinafanya hiyo kazi, nusu ya iliyomo mwilini inaondoka ndani ya takriban miezi miwili hata usipomeza kitu. Anayejua kazi yake anapunguza huo mvuke wakati wa kutoa: anafunika mdomo na raba jino libaki peke yake nje, anamwaga maji mfululizo, mpira wa kunyonya unakaa pale pale kwenye jino, na anakata madini yatoke vipande vipande badala ya kuyasaga yakawa unga. Kama bado hujatoa, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti kama haya yote yatafanyika.

Sasa anza na jino. Ganzi ikiisha fizi inauma, taya linachoka kwa sababu umeachama muda mrefu, pembeni ya ulimi kunaweza kuwa na kidonda ulipojing'ata bila kujua. Maji ya baridi yanapita kama sindano na hali hiyo inaweza kuendelea wiki kadhaa, hasa kama shimo lilikuwa refu, ni kawaida ilimradi yale maumivu yanakata ukishameza na kila wiki yanapungua. Ukifunga mdomo ukahisi jino moja linatangulia kugusana kabla ya mengine, kizibo kipya kimekaa juu, rudi wakakisugue kidogo, ni kazi ya dakika chache tu, na usipoenda utaumwa kichwa upande huo na sikio kila siku ukidhani ni sumu. Ila jino likidunda lenyewe usiku, au ukinywa chai ya moto maumivu yakabaki muda mrefu baada ya kumeza, au fizi ikavimba, hapo kiini cha jino kimeumia na hakuna chai ya kusafisha mwili itakayokisaidia. Nenda kliniki.

Ukishamaliza kukagua jino, geukia mfuko wa dawa. Soma kilichoandikwa nyuma ya kopo, siyo mbele.

Mkaa wa vidonge unafunga choo na kukifanya cheusi tii, hilo dogo. Kubwa ni kwamba mkaa haubagui, unanasa na dawa zako nyingine tumboni kabla hazijaingia mwilini, kwa hiyo mtu anayetumia ARV, vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kifafa au za presha anaweza kuwa anazimeza kila siku na hazifanyi kazi, hapo hata haumwi, hajui chochote mpaka mambo yaharibike. Klorela, ule unga wa kijani, inaleta gesi, kuharisha na choo cha kijani, wengine ngozi inawashwa wakikaa juani, na kwa sababu ina vitamini K nyingi inagombana na warfarini kwa wale wa dawa za kuzuia damu kuganda. Majani ya giligilani (Wakenya dania) yakiwa kwenye kachumbari hayana neno, lakini kwamba yanaenda kuitoa zebaki kwenye ubongo ni maneno ya sokoni tu.

Chai za ditoksi nazo nyingi ndani yake ni sanamaki. Hiyo inaharisha basi, unaona tumbo limekwisha unafurahi kumbe umepoteza maji na potasiamu, ndo unaanza kupata kizunguzungu, misuli ya miguu kukaza, moyo kwenda mbio, na kama unameza dawa ya presha ya kukojoza inayopunguza potasiamu unakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo. Wanaouza alfa lipoiki, kirutubisho kingine cha ditoksi, hawasemi kwamba inaweza kushusha sukari, mgonjwa wa kisukari anatetemeka na kutoka jasho anaambiwa ni zebaki inatingishika. Halafu kuna udongo wa kunywa, bentonaiti, jamani mnanunua udongo kuondoa madini wakati mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu kuhusu baadhi ya bidhaa za huo udongo baada ya kukuta zina madini ya risasi!

Njia rahisi ya kujua nani mkosaji: acha vyote vya ditoksi kwa mpigo (siyo dawa za daktari, hizo usiguse), kunywa maji, kula kawaida, angalia siku chache. Tumbo likitulia na kichwa kikiacha umeshapata jibu, na wala usirudi kujaribu tena kwa dozi ndogo. Muuzaji atakwambia umeacha katikati ndo maana sumu imerudi. Angalia hoja yake ilivyo: ukiumwa ni ushahidi dawa inafanya kazi, ukipona ni ushahidi inafanya kazi, yaani hakuna siku atakubali dawa yake ndo imekuumiza.

Kuna kundi lingine ambalo siyo la kuacha na kuangalia, ni la kutogusa kabisa bila daktari wa hospitali, zile dawa za kunasa madini kwenye damu. DMSA ni dawa halali, Marekani iliruhusiwa mwaka 1991 kwa watoto wenye sumu ya risasi, na madaktari wanaitumia pia kwa mtu aliyepata sumu ya zebaki kweli. Lakini inaleta kichefuchefu, kuharisha, vipele, inaweza kusumbua ini na kushusha chembe nyeupe za damu, ndo maana anayepewa anapimwa damu kila baada ya muda. Dripu ya EDTA ndo hatari zaidi. Zipo za aina mbili majina yanafanana, moja ikitundikwa kimakosa badala ya nyingine inafyonza kalsiamu kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Mwaka 2006 Marekani waliripoti vifo vitatu vya namna hiyo, vya kati ya 2003 na 2005, na wawili kati yao walikuwa watoto. Mtu akikwambia atakuja kukutundikia dripu ya kusafisha zebaki nyumbani, mfungie mlango.

Ukiwa umeshatumia chochote kati ya hivi na ukaona ganzi mdomoni na vidoleni, misuli inakakamaa, moyo unaruka mapigo, kuzimia, macho kuwa ya njano, mkojo kupungua sana, au vipele na uso kuvimba, nenda hospitali saa hiyo hiyo na ubebe kopo lenyewe. Siyo picha, kopo, maana daktari anataka kuona kilichomo.

Vipimo je? Zebaki ya meno inapimwa kwenye mkojo. Damu inaonyesha zaidi ile ya samaki, umekula jodari jana damu inapanda. Na usikubali kupimwa mkojo baada ya kupewa kidonge cha kuitoa zebaki: kidonge hicho kitapandisha kiwango kwa karibu kila mtu, halafu wanakulinganisha na viwango vya watu ambao hawajameza, lazima uonekane una sumu. Majibu ya kawaida yakiwa juu kweli, kabla hujalaumu meno angalia mkorogo, baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki ya kutosha kuharibu figo, au kama umefanya kazi ya kuchoma dhahabu machimboni, Geita, Chunya na kwingine, huko zebaki unaivuta moja kwa moja.

Na kama unajiuliza ukiacha ditoksi utakosa nini, mwaka 2008 watafiti wa Munich, Ujerumani, walitoa majibu ya wagonjwa 90 waliokuwa wanaamini meno yao yanawaumiza. Kundi moja walitolewa madini, la pili walitolewa na kupewa ditoksi ya vitamini na madini lishe kwa dozi kubwa, la tatu hawakutolewa kitu bali walifundishwa kuishi kiafya. Baada ya mwaka makundi yote yalikuwa yamepata nafuu na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Hilo la pili halikuwashinda wenzao.

Kwa hiyo wiki za mwanzo fanya hivi tu: usitafunie upande ule mpaka ganzi iishe, sukutua na maji ya vuguvugu yenye chumvi, parasetamo ikibidi na kwa dozi iliyoandikwa, dawa ya mswaki ya meno yanayouma na baridi, maji ya kutosha, na mboga na matunda choo kiende vizuri maana zebaki nyingine inapita huko.

Kama una meno mengine yenye madini na hayaumi, hayajapasuka, hayavuji, hakuna haraka ya kuyafuata, hata FDA mwaka 2020 ilisema yaliyo mazima yasitolewe bila sababu ya kitabibu kwa kuwa kuyatoa kunaongeza mvuke kwa muda na kunakula sehemu ya jino isiyo na ugonjwa. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, subiri mpaka umalize, labda jino liwe na shida yake. Mwenye mabaka meupe ya kudumu ndani ya shavu pale pale yanapogusana na madini, huyo ana sababu, inaweza kuwa mzio, akamwone daktari ayaangalie.