Nguo za kuwinda kwenye baridi na upepo: acha hewa kidogo ipite

Wakuu, msimu wa kuwinda kwa bunduki hapa Montana, Marekani, unaanza mwishoni mwa Oktoba unaenda wiki tano mpaka ile Jumapili ya baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru,, na ukikaribia tu naanza kuulizwa swali lile lile na ndugu zetu tunaoishi nao huku, Wakongo wa mji wa Missoula, Wakenya, Wabongo: ninunue jaketi gani? Na wengi wameshaingia dukani wakachagua lile zito kuliko yote, linaloziba upepo kabisa, manake muuzaji kawaambia huku baridi inaua. Baridi kweli inaua. Ila jaketi lile ni la mtu aliyekaa juu ya mti anasubiri kulungu apite. Wewe unayemfuata elki, yule kulungu mkubwa wa huku, mlimani unatembea, unapanda, una begi mgongoni na bunduki begani, kwaiyo adui yako wa kwanza ni jasho lako mwenyewe.

Iko hivi. Ukipanda mlima mwili unatoa joto jingi sana, na jasho likikosa pa kutokea linabaki kwenye fulana. Unafika kileleni, unakaa na darubini kuangalia bonde la upande wa pili, dakika kumi tu zile fulana ulizolowesha zinaanza kukunyonya joto, na maji yanabeba joto mara 25 hivi kuliko hewa. Hapo sasa upepo nao uko juu ya kilele. Nyuzijoto -10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni karibu -20. Ndo maana mtu anakamatwa na baridi kali wakati jaketi alilovaa ni la bei mbaya.

Waliowahi kupanda au kubeba mizigo Kilimanjaro wanalijua hili, usiku ule wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Uhuru mwongozaji anasisitiza pole pole, na sio kwa ajili ya pumzi tu, ukikimbia ukalowa jasho utalilipia ukisimama. Kuwinda ni hivo hivo, tofauti ni kwamba mnyama hakungoji uende pole pole, kwaiyo nguo inabidi ifanye sehemu ya hiyo kazi.

Sasa tuje kwenye jaketi lenyewe, hapa ndo pa kutuliza akili. Kuna jaketi za aina mbili zote zinaitwa za kuzuia upepo. Ya kwanza ina utando ndani, kama Gore-Tex na ndugu zake, upepo haupiti kabisa au unapita kidogo mno. Wanakuambia inapumua, na kweli mvuke unapita, ila unapita taratibu, ukipanda mlima na begi unazalisha jasho haraka kuliko utando unavyoweza kulitoa. Ya pili haina utando, ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, cha naironi au poliesta, kinapunguza makali ya upepo lakini hewa kidogo bado inapenya, na ile hewa inayopenya ndo inayobeba mvuke kuutoa nje. Kwa mtu anayetembea, hii ya pili inashinda karibu siku zote.

Watengenezaji wengine wanaandika kipimo cha CFM, yaani futi za ujazo za hewa zinazopita kwa dakika moja kwenye futi moja ya mraba ya kitambaa. Sifuri mpaka moja ni ukuta. Flizi (fleece, kile kitambaa laini chenye manyoya cha poliesta) ya kawaida isiyo na kitu ndani inavuka mia, upepo unapita kama dirisha liko wazi. Mimi kwa kutembea napenda kati ya 5 na 40 hivi: siku ya upepo mkali shuka chini karibu na 5, siku tulivu ya kupanda sana sogea kwenye 30 au 40. Kile kipimo kingine cha gramu za mvuke kwa saa 24 usikiweke moyoni sana, kila kampuni inapima kwa njia yake na namba hazilinganishiki.

Jaketi nyingi hazina hiyo CFM kwenye lebo, kwaiyo tumia mdomo. Shika kitambaa cha mkono wa jaketi, kiwe tabaka moja tu bila bitana, kibane kabisa kwenye midomo, weka kiganja upande wa pili alafu puliza kwa nguvu. Kama mashavu yanavimba na kiganja hakisikii kitu, huo ni utando, rudisha. Kama pumzi inapita bila kazi yoyote, ni flizi tupu, itakufaa kama nguo ya kati lakini sio ya nje. Unachotafuta ni ile hali ya kusukuma kwa bidii, ukasikia kiganjani kajoto kembamba kanapenya. Fanya hivo hapo hapo dukani, wala usione haya.

Jaribio la pili ni la masikio. Nenda kona tulivu, sugua mkono wa jaketi kwenye ubavu wake, alafu pitisha ukucha juu ya kitambaa. Kikilia kama mfuko wa krispi, mnyama atakusikia kabla hujamwona, na kwenye baridi kali kitambaa chenye utando kinakakamaa kinazidi kulia. Sufu na flizi yenye manyoya manyoya kwa nje ndo kimya kuliko vyote. Kuna ujanja ambao wawindaji wa huku wanautumia sana na mimi nausifia kila siku: unavaa kajaketi kepesi ka upepo, ile aina ya pili isiyo na utando, chini, alafu flizi laini juu yake. Upepo unapita flizi unagota kwenye kajaketi, matawi yanasugua flizi hayatoi sauti. Kajaketi kenyewe kana uzito wa gramu mia na kitu na kanaingia mfukoni.

Chini ya hapo, inayogusa ngozi, ni sufu ya merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, au poliesta. Pamba hapana, hata fulana ya ndani, hata boksa. Merino ya gramu 150 kwa mita ya mraba inatosha kwa mtu anayepanda, 200 au 250 ni ya siku za baridi kali na mwendo mdogo. Merino hainuki haraka, na elki ana pua, ingawa nakuambia ukweli hakuna nguo itakayokuokoa kama umesimama upande upepo unakotoka kwenda kwake. Poliesta inakauka haraka zaidi na ni bei rahisi, ila siku ya tatu kambini utaisikia harufu yake. Kuna pia fulana za wavu wa matundu makubwa, alizianzisha ofisa wa jeshi la Norwei, Henrik Brun, mwaka 1933, za kwanza zilitengenezwa kwa nyavu za samaki, na mpaka leo kampuni ya Brynje inazitengeneza. Ukiiona utasema haiwezi kuleta joto, lakini ile hewa iliyokaa kwenye matundu ndo joto lenyewe, na jasho linaondoka kwenye ngozi bila kukwama. Kwa anayetoka jasho sana naipendekeza kwa moyo wote.

Nguo ya kati usiifanye nene. Flizi nyembamba ya vijumba vijumba kwa ndani inatosha, iwe na zipu ya shingoni inayoshuka mpaka katikati ya kifua. Zipu hiyo ndo kiyoyozi chako. Ukianza kupanda ifungue, kofia vua weka mfukoni, glavu nene badilisha vaa nyembamba, mikono kunja. Kila dakika chache ingiza mkono chini ya begi ushike mgongo pale juu ya kiuno, kukiwa na unyevu ujue umechelewa, punguza mwendo au punguza nguo. Na ukitoka kwenye gari alfajiri unatakiwa usikie baridi kidogo kwa dakika kumi za kwanza. Ukitoka una joto zuri, umevaa sana.

Begi linaziba mgongo wote, kwaiyo kama unaona jaketi ambalo kifuani limewekewa kitambaa cha kuzuia upepo kabisa na mgongoni na makwapani kitambaa chepesi, lichukue bila kufikiria sana, upepo ukiwa unakuja mbele ndo umbo linalofaa. Zipu za makwapani nazo ni nzuri, ila angalia kama mikanda ya begi haizifuniki.

Alafu ile joto uliyoikosa kwenye jaketi la kutembelea unaibeba begini. Jaketi nene lililotuna, la manyoya ya bata au nyuzi, kubwa kiasi cha kuvaliwa juu ya kila kitu. Ukifika pa kukaa livae dakika ile ile kabla hujaanza kusikia baridi, usisubiri. Hilo ndo liwe la kuziba upepo, manake sasa umekaa. Fulana ya akiba ya kukaa mwilini iwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, na koti jepesi la mvua kwa ajili ya theluji ile ya majimaji ya kwenye nyuzijoto sifuri. Theluji kavu ya -10 unaikung'uta tu.

Miguu haina maneno mengi: suruali ya ndani nyembamba, juu suruali ya kitambaa cha kubana kisicho na utando, yenye zipu za mapajani kama utaipata.

Usisahau rangi ya chungwa. Sheria ya Montana kwa msimu wa bunduki inataka inchi za mraba 400 juu ya kiuno, zionekane kwa nje. Nunua vesti ya wavu, sio ya plastiki inayoziba mvuke wote uliohangaika kuutoa, na iwe kubwa ya kuvaliwa hata juu ya lile jaketi lililotuna. Begi likiifunika mgongoni, funga kitambaa cha chungwa kwenye begi pia.

Kabla hujalipa, vaa kila kitu pamoja, inua mikono kama umeshika bunduki begani, kaa chini, inuka. Jaketi likipanda likaacha kiuno wazi, chukua refu zaidi. Na kama hela ni ndogo anza na fulana ya ndani na kale kajaketi ka upepo, flizi utaipata kwenye maduka ya mitumba kwa dola chache. Jaketi la nje la mitumba ligeuze ndani nje kwanza, ukiona vipande vyeupe vinabanduka ujue utando umeshakufa. Nyumbani fua kwa sabuni kidogo, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na jasho linashindwa kusafiri.