Kupanda Milima ya Udzungwa: Namna ya Kujiandaa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 katika mikoa ya Morogoro na Iringa, haina barabara za kutalii kwa gari, na kwa hiyo aliyezoea kutazama wanyama akiwa ameketi dirishani hana budi kujipanga upya. Hapa utatembea, na kila utakachokihitaji kitabebwa mgongoni, wako au wa mpagazi.

Makao makuu yapo Mang'ula, takriban kilomita 60 kutoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, inayovuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu na kukatiza mashamba ya miwa. Panga safari yako kati ya Juni na Oktoba, kwani mvua za masika hugeuza njia kuwa utelezi mtupu. Kamilisha malipo ya kiingilio, kambi na askari kabla ya siku ya kupanda. Nakusihi usione askari mwenye silaha kuwa gharama ya bure, kwa maana tembo na nyati hupita katika njia hizo hizo, na kwenye kichaka kizito utamsikia tembo akivunja matawi kabla hujamwona.

Kwa maoni yangu, mgeni aanze na maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 kwa jumla. Ni mzunguko wa saa chache tu, lakini ngazi na mizizi yake vitakuonyesha magoti yako yanaweza nini. Kilele cha Mwanihana kinahitaji siku 3 na hema. Luhomero, kinachozidi mita 2,500, ni cha waliokwisha kujipima.

Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako, na uchomekee suruali ndani ya soksi kwa sababu ya siafu. Wa kwanza akikuuma, usisimame kumtafuta: ruka msafara wao, songa hatua kadhaa mbele, ndipo uvue na kuwachomoa mmoja mmoja.

Zaidi ya yote, tenga muda wa kusikiliza. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa katika msitu huu walisikia mlio wasioutambua, na mwongozaji wao akawaambia kwamba huyo ni ng'olaga, jamii ya nyani ambaye sayansi ilikuwa haijamjua na ambaye hapatikani porini popote nje ya milima hii. Naye hutafutwa vivyo hivyo hadi leo: keti kimya asubuhi, acha kuongea na askari wako, kisha tazama chini kwanza, mahali maganda ya matunda mabichi yanapoanguka, ndipo uinue macho polepole kufuata shina hadi kwenye matawi.